Miiba ya Nyalwembe

Idodi, 22 Aprili 1956

Mdogo wangu Liberatus,

Kamwene, na Tumsifu Yesu Kristu. Mimi dada yako ni mzima, ila meno yananisumbua, na kwa kuwa siwezi kuyatuma Mbeya nimeyaacha yaendelee na kazi yao. Mwanangu Rozalia alijifungua mtoto wa kike Jumatano ya Majivu. Mtoto ana sauti ya baba yetu anapoita ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wamefika kumi na tisa, na yule wa pembe moja amezaa dume. Msalimie wifi yangu Sekela, umkumbushe kwamba ndizi za kwao Tukuyu alizoniahidi mwaka juzi bado nazingoja.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tatu alikuja Mzungu mpimaji na mkalimani wake, mtu wa pwani. Walikwenda moja kwa moja chemchemini Nyalwembe, hawakupita kwa Jumbe Kalinga wala kwangu. Mimi nilikuwa kwa Rozalia nikimkanda mtoto. Wachungaji waliokuwa mbali waliwaona wakizunguka, wakaandika, wakaondoka. Wiki mbili baadaye wakaja watu wa Bwana Mabuti, wakapiga vigingi vilivyopakwa chokaa. Huyu Bwana Mabuti humjui, amekuja ulipokwisha kuondoka. Ni Mzungu aliyepewa ardhi ng'ambo ya kilima, ana ng'ombe walioletwa kwa malori, na tunamwita hivyo kwa sababu hata kanisani huingia na mabuti yake ya mpira. Kigingi cha mwisho kiko hatua ishirini tu kutoka kwenye maji yetu.

Wewe uko katika ofisi ambamo karatasi za maji za jimbo zima hupita. Umesikia nini? Nijibu upesi, na usinijibu kama unavyowajibu watu dirishani.

Dada yako,
Matilda


Mbeya, 19 Mei 1956

Mpendwa Dada Matilda,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 22 mwezi uliopita imenifikia salama, ingawa kwa kuchelewa, kwa sababu basi lilikwama siku tatu njiani kwa matope. Sisi hatujambo. Baridi ya mlima Loleza imeanza mapema mwaka huu na Sekela analala na soksi. Mtoto wetu Asukile ameanza shule na tayari anawasahihisha wazazi. Nami, kwa neema ya Mungu, nimepandishwa cheo mwezi uliopita. Sasa ninakaa meza ya karani mkubwa, ile iliyo karibu na dirisha.

Kuhusu mambo uliyoniuliza, ni kweli karatasi nyingi hupita hapa, lakini karani kazi yake ni kupiga chapa, si kusoma. Ningeshauri msiwe na haraka. Serikali ina taratibu zake. Hata kama Bwana yule atapewa maji, kwa kawaida hutakiwa kujenga birika la saruji kwa ajili ya wenyeji. Dada, birika la saruji ni safi kuliko tope.

Nimekutumia sweta la sufu kwa mkono wa mwalimu Fanueli, ambaye anakuja huko likizo. Wasalimie wote.

Mdogo wako mtiifu,
Liberatus

Nilisahau kuuliza. Yule mkalimani, aliwaambia wachungaji neno lolote?


Idodi, 12 Juni 1956

Mdogo wangu,

Kamwene. Sweta limefika. Linanibana kwapani, lakini Jumapili nililivaa hivyo hivyo ili watu waone kwamba nina ndugu. Hongera kwa cheo. Mtoto wa Rozalia amebatizwa, anaitwa Esta.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu, nikaona sweta na birika tu. Eti karani hasomi. Wewe ambaye mama alikuwa akikupiga kwa sababu ulisoma hata kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari badala ya kuleta sukari yenyewe?

Basi mambo yamekuja hadharani bila msaada wako. Tarehe tano limebandikwa tangazo kwenye ukuta wa baraza. Bwana Mabuti ameomba maji yote ya Nyalwembe, ayachimbe, ayatie kwenye bomba, ayapeleke kwa ng'ombe wake. Tangazo linasema chemchemi hiyo haitumiwi na mtu. Mwenye pingamizi alilete Iringa ndani ya siku arobaini.

Haitumiwi na mtu! Jumamosi iliyopita tumeifungua, wanawake thelathini na wawili, na mimi mbele yao kama mama alivyokuwa. Tumeondoa miiba, tukatoa tope kwa mikono na vipande vya vibuyu hadi jioni. Siku ya pili ng'ombe mia nne wakanywa, kundi baada ya kundi, na hakuna aliyesukumana.

Nataka uniandikie pingamizi kwa Kiingereza kizuri cha meza ya dirishani. Waeleze tangu mwanzo, kwa maana hawa ni watu wasiojua. Sema hivi: mvua zinapoanza, ng'ombe wana madimbwi ya kuwatosha kule chini, kwa hiyo sisi huilaza chemchemi. Tunaizungushia miiba ya migunga, na kuanzia Desemba hadi baada ya mavuno hapiti mnyama wala mtu. Majani yanaota, ukingo unajikaza, maji yanajikusanya. Kiangazi kikija tunaifungua, na inatulisha sote mpaka mvua nyingine. Sema pia kwamba chuma hakiingii mle, wala jembe wala sururu, kwa sababu chini kuna tabaka la udongo kama chungu. Likitobolewa, maji yatazama na hatutayaona tena, sisi wala Bwana Mabuti. Sema kwamba mpimaji alikuja mwezi wa tatu, chemchemi ikiwa imelala, naye akadhani imekufa.

Hayo yote unayajua. Ulikuwa unabeba miiba nyuma ya mama ukilia kwamba inakuchoma.

Siku zimebaki thelathini na tatu.

Matilda


Mbeya, 2 Julai 1956

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Asukile alikuwa na surua lakini amepona.

Dada, mimi ni mtumishi wa Serikali. Siwezi kuandika pingamizi juu ya jambo lililo mezani kwa mkubwa wangu. Hilo ulielewe. Kama mnataka kuandika, mtafuteni mtu mwingine. Ila nakupa shauri la ndugu: wakiwauliza juu ya lile boma la miiba, msianze habari za kuilaza chemchemi. Wazungu wataona ni mambo ya ushenzi na hawatawasikiliza kabisa. Semeni tu kwamba mnahitaji maji.

Sina muda zaidi, kazi ni nyingi.

Liberatus


Mlandege, Iringa, 14 Julai 1956

Liberatus,

Sisi wazima. Salamu zimeishia hapo.

Nimekuja Iringa kwa lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia tangu asubuhi na sweta lako mwilini. Hapa Mlandege kuna mwandishi wa barua anaitwa Crispin, mzee mwenye mashine ya chapa isiyokuwa na herufi moja, hiyo huiandika kwa kalamu. Ameniandikia pingamizi. Chini yake kuna vidole gumba sitini na tatu, na wangu wa kwanza, ingawa mimi ninajua kuandika jina langu. Nilitaka wote tulingane. Tumelipeleka leo, siku moja kabla ya mwisho.

Ofisini wakatuonyesha taarifa ya mpimaji, kwa kuwa mwenye pingamizi ana haki ya kuisoma. Crispin akanifasiria neno kwa neno. Mpimaji hakuwa mjinga, Liberatus. Aliandika kwamba ameona boma la miiba mibichi, limefungwa vizuri, na kwamba haelewi ni la nini, aulizwe mwenyeji. Chini yake kuna mwandiko mwingine: “Karani wetu, mzaliwa wa Idodi, ameeleza kwamba ni boma bovu la zamani, watu wameliacha.”

Nikamwomba Crispin asome tena. Akasoma tena.

Mimi katika barua zangu nilikuambia wamekuja, wamezunguka, wameandika. Sikukuambia kwamba wameulizia boma. Wewe ndiye uliyeniandikia, “wakiwauliza juu ya lile boma.” Nilipoisoma nilijiuliza amejuaje, nikajijibu kwamba ofisini husikika mengi. Sasa nimehesabu watu wa Idodi walio makarani Mbeya. Nimeanza na wewe nikaishia kwako.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe ningeletewa zawadi.

Sitaki sweta jingine. Nataka barua, na ndani yake nataka kuona ulisema nini, ulimwambia nani, na kwa nini.

Matilda


Mbeya, 18 Novemba 1956

Dada Matilda,

Shikamoo. Najua sistahili kuitikiwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Julai. Sekela alizipata nne chini ya godoro, akazisoma, akaniambia kwamba kwao Unyakyusa mwanamume anayeficha karatasi chini ya godoro huwa na mwanamke wa nje, na kwamba heri ingekuwa hivyo. Tangu siku hiyo hapiki ugali bila kunitazama.

Ni mimi. Mwezi wa tatu mkubwa wangu aliniita. Mpimaji alikuwepo, na makarani wawili wengine walikuwa wamesimama na mafaili. Mkubwa akasema, “Wewe unatoka huko. Ile miiba ni kitu gani? Ni uchawi wenu?” Wale makarani wakacheka. Dada, nilikuwa nimevaa tai. Wiki ile ile jina langu lilikuwa limepelekwa kwa ajili ya cheo. Nikamwona mama akiwa na tope hadi viwikoni, nikaona jinsi watakavyocheka nikieleza kwamba kwetu maji hulazwa kama mtoto. Nikasema, “Boma bovu la zamani, bwana. Watu wameliacha.” Maneno hayo tu. Sikujua kwamba kuna ombi la maji. Nilidhani wanauliza tu. Nilipoliona ombi lenyewe, nilikuwa nimekwisha kukalia kiti kipya.

Ningeweza kurudi kwake siku ile na kusema nimekosea. Sikurudi. Nikajiambia birika la saruji litawafaa. Nilikuandikia hivyo mpaka nikaanza kuamini.

Pingamizi lenu limefika hapa. Limeleta ubishi, na wameamua kwamba mpimaji arudi Idodi mwezi wa pili mwakani, chemchemi ikiwa katika hali ile ile, aangalie tena. Zaidi ya hapo sijui la kufanya. Nikibadili neno langu sasa, nitafukuzwa, na nyumba tunayokaa ni ya kazi. Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Nisamehe.

Liberatus


Idodi, 20 Desemba 1956

Mdogo wangu,

Kamwene. Nimekuitikia, kwa hiyo acha kujililia.

Petro alikana mara tatu, jogoo akawika, akalia asubuhi ile ile. Wewe umechukua miezi minane. Jogoo wa Mbeya wana usingizi gani? Mwambie wifi yangu kwamba nimempenda mara mbili, na zile ndizi nimemsamehe.

Wala usiniambie habari za maji kumwagika. Yetu hayajamwagika. Yako pale pale, na jana tumeyazungushia miiba.

Lakini haikuwa rahisi, nikueleze. Habari kwamba mpimaji atarudi mwezi wa pili ilitufikia, na Jumbe Kalinga akaita baraza. Akasema, “Mwaka huu tusifunge. Mzungu anataka kuona nyayo, basi tumpe nyayo. Tuingize ng'ombe wote mle wiki nzima kabla hajafika, aone tope linavyochemka.” Wanaume wakaafiki wote. Hata wanawake walinyamaza, na mimi nilijua wanaafiki.

Nikasimama. Niliogopa, Liberatus, siyo siri, kwa maana Kalinga alikuwa na akili katika maneno yake. Nikawaambia kwamba mama yetu alikufa na udongo wa Nyalwembe kwenye kucha, na kabla yake mama yake. Ng'ombe mia nne wakiingia mle wakati wa mvua, ukingo utaporomoka, udongo wa chini utatobolewa kwa kwato, na Mzungu ataona nyayo nzuri sana kandokando ya shimo kavu. Tutashinda karatasi na tutakosa maji. Nikasema mimi sitalinda kitu kwa kukiua, na anayetaka kuingiza ng'ombe atapita juu yangu kwanza, na mimi si mwepesi. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu nikabeba miiba peke yangu. Nilipofika na mzigo wa pili nikakuta wanawake saba wamekwisha fika kabla yangu. Kalinga hakuja, lakini hakutuzuia.

Sasa tumeifunga, na kama mpimaji ataona yale aliyoyaona mwezi wa tatu na kusoma neno lako, tumekwisha. Neno lako ndilo linalotuua, si miiba. Unaogopa nyumba ya kazi. Huku ziko nyumba sitini na tatu. Utaandika kwa mkono wako kwamba ulisema uongo, utaweka sahihi, utampa mkubwa wako mbele ya wale wale makarani waliocheka. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umefika mwisho wake. Sikuombi. Nakuagiza, mimi niliyekubeba mgongoni.

Noeli njema.

Matilda


Mbeya, 30 Januari 1957

Dada,

Shikamoo. Nimeandika. Nimempa jana saa tatu asubuhi, na wale wawili walikuwepo. Nilieleza yote, hata udongo wa chini, hata vibuyu. Nilisema kwa mdomo pia, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Mkubwa alisoma karatasi, akaniuliza kama ninaelewa nimetia sahihi nini. Nikasema ninaelewa. Akaniambia nitoke.

Tangu jana hakuna anayenipa kazi. Nakaa tu mezani. Nimesikia mkubwa mwenyewe atakuja Idodi na mpimaji tarehe 26 Februari. Mimi sitakuwemo.

Jana Sekela alinipikia ndizi.

Liberatus


Idodi, 12 Machi 1957

Mdogo wangu Liberatus,

Kamwene sana. Esta anakaa bila kushikwa. Jino moja nimelitoa.

Walikuja, na nitakueleza polepole kwa sababu ungepaswa kuwepo.

Mwaka huu mvua ilikatika katikati ya Januari. Wiki saba hapakushuka tone. Madimbwi ya chini yakakauka, tukawa tunapeleka ng'ombe mpaka mtoni, safari ya nusu siku, na huku maji yapo, tunayasikia nyuma ya miiba. Watu wakaja kwangu, mmoja mmoja, wakisema tufungue mapema. Nikasema ngojeni waje kwanza. Nilikuwa nalala na woga na kuamka nao, kwa maana ng'ombe wawili walianguka njiani na mmoja alikuwa wetu, yule wa pembe moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 nilituma neno kila nyumba kwamba ng'ombe wote waletwe Nyalwembe asubuhi, wasimamishwe nje ya miiba, asiingie hata mmoja. Kalinga akasema nimeshikwa na wazimu. Lakini akaleta wake, thelathini na sita, akasimama nao mbele kabisa.

Basi gari likaja. Wakashuka mpimaji, mkubwa wako mwenye masharubu, Bwana Mabuti na mabuti yake, na mkalimani. Wakakuta ng'ombe mia nne wamezunguka miiba pande zote. Ndimi nje. Wanalia, Liberatus, kilio ambacho ningeomba nisikisikie tena. Na kati yao na maji kuna miiba tu, na watu wenye fimbo wakiwazuia ng'ombe wao wenyewe. Mtamba mmoja wa Kalinga alichomoka akapiga kifua kwenye miiba. Kalinga, yule yule aliyetaka tope lichemke, akamkumbatia shingoni akamrudisha nyuma, na mkono wake ukachanika mpaka kiwiko.

Mkubwa wako aliwatazama ng'ombe. Kisha akauliza, na mkalimani akafasiri, “Kwa nini hawaingii kunywa?”

Watu wote wakanitazama. Nikasema, “Mwambie ni kwa sababu ni mwezi wa pili.”

Akauliza maana yake nini. Nikamwambia kwamba mwanamke aliyejifungua akikaa ndani siku arobaini, hakuna mtu anayesema mumewe amemwacha. Mkalimani aliona haya kufasiri, lakini wanawake walikwisha kuanza kucheka, ikabidi afasiri. Bwana Mabuti akasema kwa sauti kwamba haya ni maonyesho, tumeyapanga. Nikamjibu kwa Kiswahili, anakijua vizuri akitaka. Nikasema, “Ndiyo, tumeyapanga. Tumeyapanga kila mwaka tangu kabla ya wewe kuzaliwa. Leo tu ndipo umekuja kuyaona.”

Mpimaji akaomba aingie atazame. Nikamtaka avue viatu. Sikumwomba ruhusa yeyote, nilimwonyesha tu kwa kidole, na yeye akavua. Akapiga magoti, akatia mkono mpaka begani, akagusa udongo wa chini. Aliponyanyuka akamwambia mkubwa wako maneno ambayo mkalimani hakuyafasiri, na Bwana Mabuti akarudi kwenye gari kabla yao.

Walipoondoka tuliwapeleka ng'ombe mtoni. Watatu hawakufika. Mvua ilirudi siku tisa baadaye.

Hatujui walichoamua. Kama unajua, andika.

Matilda


Mbeya, 23 Mei 1957

Mpendwa Dada Matilda,

Shikamoo. Karatasi yenyewe itawafikia kwa njia ya Iringa, lakini nataka usikie kutoka kwangu.

Ombi la Bwana Mabuti limekataliwa. Chemchemi ya Nyalwembe imeandikwa kuwa ni ya matumizi ya wenyeji wa Idodi kwa mwaka mzima, na ninakufasiria kama ilivyo, “pamoja na miezi ambayo, kwa desturi yao, huifunga ili ipumzike, na kufungwa huko kutahesabiwa kuwa ni kuitumia.” Nimeisoma mpaka nimeikariri. Haitakuwa mwisho, nakuonya mapema. Bwana yule anaweza kukata rufaa, na nimesikia atakata.

Siku hiyo hiyo ilitoka barua nyingine. Nimeachishwa kazi kwa kosa la kumpa mkubwa wangu habari za uongo. Sina la kubisha, ndivyo ilivyokuwa. Barua zote mbili zilipigwa chapa kwa mashine moja, na aliyezipiga ni mimi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mezani. Niliangalia nisikosee herufi hata moja.

Nyumba tunatakiwa kuihama mwisho wa Juni. Wakwe zangu wa Tukuyu wametukaribisha. Sijakuomba kitu, dada. Nimeona tu ujue.

Liberatus


Idodi, 9 Juni 1957

Mdogo wangu Liberatus,

Kamwene, wewe na wifi na watoto.

Karatasi imefika. Mwalimu Fanueli aliisoma barazani mara mbili, ya pili kwa sababu Kalinga alidai hakusikia vizuri, na kila mtu alijua kwamba amesikia. Jana tumeifungua chemchemi. Maji yamezidi ya mwaka jana kwa kimo cha kifundo cha mguu. Kuhusu Bwana Mabuti, tayari amekata rufaa, tangazo liko ukutani. Na akate. Tuna siku arobaini nyingine, na Crispin amepata ile herufi aliyokosa.

Watu wameniuliza kama nimekupa pole kwa kazi yako. Sikupi. Pole hupewa mtu aliyepatwa na jambo. Wewe hukupatwa. Hili umelitenda mwenyewe, kwa mkono wako, ukijua litakugharimu nini, na tangu ulipovaa viatu hujatenda jingine ambalo baba angekaa chini kulisikiliza mpaka mwisho.

Usiende Tukuyu. Wakwe ni watu wema, lakini hapa kuna rufaa ya kujibu, na safari hii nataka Kiingereza kizuri.

Dada yako,
Matilda